Ajali Haina Kinga?

Huenda mmekwisha kuona magazetini picha ya watu waliokaa mmoja mmoja katika mitumbwi myembamba kama maganda ya haragwe, wakielea juu ya bahari nyeusi, na nyuma yao milima imefunikwa theluji toka kileleni hadi ufukweni. Mtu wa Bwaise akiitazama picha ya namna hiyo hutikisa kichwa na kusema, "Hawa hawana kazi." Neno hilo halilaumiki. Kwetu huku maji ni mgeni asiyealikwa, ambaye kila msimu wa mvua huingia ndani bila kubisha hodi, akalowesha magodoro na kuzimisha moto jikoni. Mtu anayetoa fedha zake ili akayatafute maji, tena maji ya baridi kali, ni lazima atushangaze.

Hata hivyo, juma hili nawaomba tuwatazame watu hao kwa makini. Wanalijua vyema jambo moja ambalo sisi tumezoea kulipuuza, na kupuuza huko kunatugharimu roho za watu.

Kwanza tujue wanakokwenda. Sehemu ya juu kabisa ya dunia huitwa Aktiki. Katika nchi ya Norwe upo mji uitwao Tromsø, ulio ndani ya eneo hilo. Tangu mwishoni mwa mwezi wa Novemba hadi katikati ya Januari, jua halichomozi kabisa katika mji huo. Adhuhuri hupatikana mwangaza hafifu wa saa chache tu, mfano wa ule wa alfajiri yetu, kisha giza hurudi. Juu ya hayo, bahari ya pale haigandi, kwa sababu mkondo wa maji yenye uvuguvugu hutoka kusini kupitia Bahari ya Atlantiki na kuifikia pwani hiyo. Kwa hiyo vyombo hupita mwaka mzima, na wageni huja wakati wa baridi ili wapige makafi katikati ya milima, na pengine wawaone nyangumi wanaofuata makundi ya samaki. Lakini maji yasiyoganda si maji ya kuchezea. Joto lake wakati huo huwa nyuzi 5 hivi za Sentigredi, au chini ya hapo, hali maji ya juu ya Ziwa Victoria huwa na nyuzi zipatazo 25.

Chombo wanachotumia huitwa kayaki. Hakikubuniwa na watalii. Ni chombo cha Wainuiti, wenyeji wa Greenland na pwani za kaskazini ya Kanada, ambao walikitumia kwa uwindaji karne nyingi kabla ya wageni kufika. Mbao zilikuwa adimu kwao kwa sababu miti haioti katika nchi ya barafu. Hivyo waliokota magogo yaliyoletwa na mawimbi, wakachonga fito, wakaunda kiunzi, kisha wakakivika ngozi za sili, yule mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi, na kuzishona kwa kano. Kila mtu alitengenezewa chombo kwa kipimo cha mwili wake mwenyewe, kama fundi cherehani anavyompima mteja. Mwindaji alivaa koti la ngozi lililofungwa imara usoni, katika vifundo vya mikono, na kuzunguka tundu alimoketi, maji yasipate pa kuingilia. Chombo kikipinduka, aliweza kujiinua kwa pigo la kafi akaendelea na safari. Alijifunza ufundi huo tangu utotoni, kwa maana asiyeujua hakurudi nyumbani. Hata Fridtjof Nansen, yule mpelelezi mashuhuri wa Norwe, alipokwisha kuivuka barafu ya Greenland mwaka 1888, alilazimika kungoja huko majira yote ya baridi, na katika kungoja alijifanya mwanafunzi wa wenyeji akafundishwa kuendesha kayaki.

Habari hizi zisionekane kuwa ngeni mno kwetu. Watu wa pwani ya Lamu walikuwa na mtepe, jahazi ambalo mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Hapa Buganda, mitumbwi ya visiwa vya Ssese ilikuwa ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, na mkuu wa mitumbwi ya Kabaka alikuwa na cheo chake maalumu, Gabunga, kutoka ukoo wa Mamba. Wala asiseme mtu kwamba nchi ya barafu haiwezi kukanyagwa na Mwafrika. Tété-Michel Kpomassie, kijana wa Togo, alisoma habari za Greenland katika kitabu, akafunga safari iliyomchukua miaka kadhaa, akafika huko mwaka 1965 na kuishi na wenyeji. Naye aliandika kitabu chake kilichotoka mwaka 1981.

Sasa tuifuate safari yenyewe. Mgeni anayefika kule wakati wa baridi haendi peke yake. Hupewa kiongozi, mtu aliyesomea kazi hiyo na anayeyajua maji ya mahali pale. Kabla ya kugusa maji, kiongozi huyo husoma utabiri wa hali ya hewa, hutazama upepo, na huwauliza wageni wake maswali bila haya: Je, unajua kuogelea? Je, una ugonjwa wa moyo? Je, uliwahi kupinduka? Kisha humkagua kila mmoja toka kichwani hadi miguuni, kama vile afande anavyokagua gwaride.

Hapo ndipo ilipo kanuni ambayo ningependa kila nyumba iikariri: vaa kwa ajili ya maji, usivae kwa ajili ya hewa. Hata siku ikiwa tulivu, hata anga likiwa safi, mgeni huvalishwa nguo za sufu ndani, na juu yake vazi zima lisilopitisha maji, lililobana shingoni na katika vifundo vya mikono. Juu ya vazi hilo huvaa jaketi la kuokoa maisha, nalo hufungwa kila kifungo. Hakuna anayeambiwa, "Liweke karibu, utalivaa hali ikichafuka." Kiongozi anajua kwamba hali ikichafuka hakuna tena nafasi ya kuvaa.

Sababu yake ni hii. Maji huunyang'anya mwili joto upesi sana kuliko hewa, kiasi cha mara 25 hivi. Gordon Giesbrecht, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Manitoba huko Kanada, amelifupisha jambo hili kwa namba tatu zinazokumbukika: dakika 1, dakika 10, na muda wa saa 1. Mtu akitumbukia katika maji ya baridi kali, katika dakika ya kwanza hutweta bila hiari yake. Akivuta pumzi kichwa kikiwa chini, huvuta maji. Akiishinda dakika hiyo, anazo dakika 10 hivi ambazo mikono yake bado inamtii. Baada ya hapo vidole hugoma, hawezi kushika kamba wala kufunga kifungo. Kisha hubaki kama muda wa saa 1 kabla baridi haijampotezea fahamu. Ndiyo kusema, wengi hawafi kwa baridi yenyewe. Hufa mapema kwa kukosa kitu cha kuwaweka juu ya maji wakati mikono imekwisha kukataa kazi.

Tena kuna sheria za njiani. Mitumbwi haitawanyiki, kila mmoja hukaa mahali anapoweza kuisikia sauti ya kiongozi. Hawakati katikati ya bahari bila sababu, bali hufuata ufuko. Kiongozi hubeba redio, kamba ya kuvutia, kafi la akiba, nguo kavu, na chupa ya kinywaji cha moto. Chombo cha mmoja kikipinduka, mwenzake hukisogelea, hukimwaga maji, hukishikilia kisitikisike, na aliyeanguka hupanda tena. Zoezi hilo hufanywa mapema, karibu na ufuko, kabla halijahitajika. Na kiongozi akisema, "Leo turudi," wageni hurudi, hata kama wamelipa fedha nyingi na nyangumi hawajamwona. Wasomaji wetu walio askari wanalielewa jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote: amri hutangulia, maswali hufuata baadaye.

Mtu atasema, hayo ni ya kule kwa matajiri. La, yapo hapa hapa Uganda. Pale Jinja, umbali wa kilometa 80 hivi kutoka Kampala, vijana wetu wamekuwa wakiwaongoza wageni juu ya maporomoko ya Mto Nile tangu miaka ya 1990. Maporomoko ya Bujagali yalifunikwa na bwawa la umeme lililokamilika mwaka 2012, na mengine yakafunikwa na bwawa la Isimba lililofunguliwa mwaka 2019, nao wakahamia sehemu zilizobaki. Maji ya Nile si ya baridi, lakini utaratibu ni ule ule. Kofia ngumu, jaketi lililofungwa, mazoezi ya kupinduka mahali palipo shwari kwanza, na kijana mwenye kayaki akitangulia ili amdake atakayeanguka. Ujuzi tunao, tena mikononi mwa watoto wetu wenyewe. Jambo la kujiuliza ni kwa nini ujuzi huo humhudumia mtalii siku moja, usimhudumie mama anayevuka ziwa kila mwezi.

Hapa ndipo panaponiuma. Yule wa kaskazini huingia hatarini kwa hiari, naye hukingwa kila upande. Huyu wetu huingia hatarini kwa kutafuta riziki, au kwa kumfuata mume aliyehamishiwa kituo cha visiwani, naye huketi juu ya gunia la mkaa katika mtumbwi uliojaa pomoni, mtoto mgongoni, bila kitu cha kumwelesha. Tarehe 24 Novemba 2018, boti la starehe lilizama Ziwani Victoria, karibu na pwani ya Mukono, si mbali na nchi kavu, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Ilielezwa baadaye kwamba lilikuwa limepakia kupita kiasi. Matangani watu walisema kama wanavyosema siku zote: ajali haina kinga.

Niruhusuni, kama mtu niliyepitia chuo cha ualimu, niifafanue methali hiyo. Neno "ajali" limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni siku ya kufa ambayo mja amepangiwa. Wazee waliposema ajali haina kinga, walisema kwamba kifo hakizuiliki siku yake ikifika, nao walisema kweli. Ni neno la kumfariji mfiwa. Lakini leo "ajali" tumeifanya kuwa gari kugongana na mtumbwi kupinduka, kisha tukaichukua ile methali ya zamani na kuivika maana mpya. Hapo tumejidanganya. Siku ya kufa haina kinga, lakini kupinduka kwa mtumbwi kuna kinga, na kufa maji baada ya kupinduka kuna kinga nyingine. Yule kiongozi wa bahari ya barafu anafanya kazi yake kila siku kwa kutegemea tofauti hiyo.

Basi tufanye nini? Kwa wale wanaovuka ziwa, nasema haya.

La kwanza, safiri mchana. Juu ya Ziwa Victoria dhoruba nyingi huzuka usiku na alfajiri, wakati upepo wa nchi kavu unapokutana juu ya maji. Uliza habari za hali ya hewa kabla ya kufika mwaloni. Nahodha mzee akitazama wingu akasema tungoje, ngoja. Biashara iliyochelewa siku moja hupata siku nyingine.

La pili, jaketi la kuokoa maisha livaliwe toka ufukweni, lifungwe vifungo vyote, na la mtoto liwe la kipimo cha mtoto. Jaketi la mtu mzima humponyoka mtoto likaelea peke yake. Wengine hulikataa kwa sababu lina harufu ya samaki, au linachafua nguo ya sikukuu. Nguo hufuliwa, ndugu zangu. Familia inayosafiri mara kwa mara na inunue yake, kidogo kidogo, kama inavyonunua sare za shule.

La tatu, hesabuni. Mkiona maji yamekaribia ukingo wa chombo kabla hakijaondoka, shukeni. Askari aliye safarini hata bila sare asione haya kuwa wa kwanza kushuka, maana wengine watamfuata. Hapo atakuwa ameokoa watu wengi pasipo kufyatua risasi.

La nne, chombo kikipinduka, msikiache. Mtumbwi wa mbao uliopinduka mara nyingi huendelea kuelea, nao huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Ushikeni, kaeni pamoja, watoto wakiwa katikati. Asiye na pa kushika asipigane na maji. Alale chali, afungue mikono, avute pumzi taratibu. Nchi kavu huonekana karibu kuliko ilivyo, na wengi waliojaribu kuifikia kwa kuogelea waliishia njiani. Kumbukeni pia kwamba maji yenye nyuzi 25 bado ni baridi kuliko mwili wa binadamu wenye nyuzi 37. Hayaui kwa dakika, lakini mtu akikesha ndani yake, nguvu humwishia.

La tano, waacheni wa nyumbani wakijua umetoka saa ngapi, kwa chombo gani, na utafika lini. Asiyejulikana kwamba ameondoka hatafutwi.

Na sisi wa Bwaise, tusidhani kwamba kwa kuwa hatuvuki ziwa hatuhusiki. Makazi yetu yamo bondeni, penye mkondo wa Nsooba unaokwenda kwenye mafunjo ya Lubigi. Mvua ikinyesha juu ya vilima vya Kampala, maji yake hutushukia sisi, hata kama kwetu haikunyesha tone. Tumejenga vizingiti vya saruji milangoni na kuinua vitanda juu ya matofali, nayo ni akili njema. Lakini watoto wetu huyachezea mafuriko kama kwamba ni mto wa burudani, na watu wazima huvuka mitaa iliyofunikwa bila kujua mtaro uko upande gani.

Hapa tena tumtumie kiongozi. Kila kichochoro kina mkazi wa zamani anayejua mtaro unapopita na kifuniko gani kimeibwa. Yeye atangulie na fimbo akipima, wengine wafuate nyayo zake, wala asivuke mtu peke yake usiku. Zaidi ya hayo, tuzitie alama kingo za mitaro wakati wa kiangazi, kwa miti iliyopakwa chokaa, ili zionekane wakati wa maji. Maji yafikayo magotini, yakienda kasi, humwangusha mtu mzima. Mtoto huhitaji machache zaidi. Nyumba ikianza kuingiwa na maji, umeme uzimwe kwanza ikiwa swichi kuu inafikika pakavu, kisha watoto watolewe, halafu ndipo godoro.

Mwisho, neno la jikoni. Mtu aliyetolewa majini akitetemeka avuliwe nguo zote mbichi, akaushwe, afunikwe blanketi kavu hata kichwani. Ikiwa ana fahamu zake na anaweza kumeza, apewe chai ya moto yenye sukari nyingi, kidogo kidogo. Asisuguliwe kwa nguvu. Aliyepoteza fahamu asipewe kitu mdomoni, bali akimbizwe hospitali. Na kama hapumui, anayejua kumpulizia pumzi aanze mara moja. Wala asipewe waragi. Najua kwamba baadhi ya wavuvi na walinzi wa usiku huisifu kwa kuondoa baridi. Inachofanya ni kuifungua mishipa ya ngozi, damu ikaja juu, mtu akajisikia moto huku joto la ndani likipotea. Viongozi wa kule Aktiki huwakataza wageni wao kabisa kunywa kabla ya safari. Sweta ya sufu husaidia zaidi, kwa kuwa sufu hutunza joto hata ikilowa, hali pamba ikilowa huunyonya mwili joto lake.

Msimu wa mvua hautungojei, na wakati wa likizo za shule mialo hujaa watoto wanaokwenda kuwaona baba zao. Kabla ya siku hizo kufika, kila mwenye nyumba na awakalishe watu wake jioni moja, awaulize yale maswali ya kiongozi wa bahari ya barafu: nani hajui kuogelea, nani atamshika mdogo, nani anajua njia. Majibu yatakayokosekana jioni hiyo yatafutwe mapema, wakati sisi sote bado tuko pakavu.